Watoto Waliokufa Kitabuni

Asubuhi hiyo Mardhiya alitwanga mpunga polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kitongoji chote cha Mtambani, jirani na Zinga, kilikuwa kimya. Surua ilikuwa imeingia. Baadhi ya nyumba zilifungwa madirisha mchana kutwa. Jua likizama, hakuna mama aliyemwita mtoto wake kwa jina. Walisema ukiita wakati wa magharibi, huenda ikaitika sauti nyingine.

Chausiku, binti yake mdogo, aliokota punje kando ya kinu na kuwarushia kuku.

"Mardhiya, acha mchi huo," alisema mkwewe, Bi Mosi. "Gari la chanjo limefika. Mimi sindano siipendi, lakini surua naichukia zaidi."

Wakaenda ofisi ya kijiji. Nesi Dija kutoka Bagamoyo alikuwa ameketi barazani. Mezani palikuwa na sanduku la barafu lenye dawa, na kitabu kikubwa cha watoto. Kitabu hicho kilikuwa cha wote. Katibu wa kijiji aliandika majina, kisha kitabu kikazunguka kwa mabalozi wa nyumba kumi. Kila balozi alitia alama kwa watoto wa nyumba zake.

Watoto wa balozi wa kwanza walisomwa, wakachanjwa, wakalia, wakaenda zao. Nesi akafunua ukurasa mwingine.

"Chausiku binti Msabaha."

"Huyu hapa," Mardhiya alijibu, akamsogeza mbele.

Nesi alitazama kitabu. Akamtazama mtoto. Akakitazama kitabu tena.

"Mama, huyu amefariki."

"Mbona anakula andazi?" mwanamke mmoja akauliza, na watu wakacheka.

Nesi hakucheka. "Sadallah Rajabu. Amefariki. Thuwaiba Hamed. Amefariki. Doto wa Ashura. Amefariki."

Kila aliyetajwa alikuwa amesimama pale pale kwenye mstari. Kila mmoja aliitika. Kicheko kikakatika.

"Kulwa wa Ashura," nesi aliendelea. "Huyu ndiye yupo. Mleteni."

Kulwa alikuwa amezikwa wakati wa vuli. Doto, pacha wake, aligeuka nyuma kutazama.

Ashura, mama yao, aliketi chini taratibu. "Yuko wapi?" aliuliza. "Kama mmemwona, nionyesheni."

"Wamebadilishana!" Bi Mosi alisema. "Aliyelala ameamka, na wetu wameshaitwa huko. Twendeni nyumbani! Mtoto aliyesomwa pamoja na wafu hachomwi sindano."

Wanawake wakawafunga watoto migongoni. Njia ikajaa kanga zinazokimbia. Mardhiya naye aliogopa. Alishusha macho kutazama kama mwanawe ana kivuli. Kivuli kilikuwapo. Akaushika mkono wake. Ulikuwa na joto, na ulinata sukari ya andazi.

Mardhiya hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata dukani alimtuma mwenzake. Lakini hakuondoka.

"Nesi," alisema kwa sauti ndogo, "mchanje mwanangu."

"Nimeagizwa kufuata kitabu, mama. Wengine huleta watoto wa mbali kwa majina ya marehemu, na dawa haitoshi. Barafu nayo inayeyuka. Ikiisha, dawa itaharibika."

"Basi kitabu kimekosea."

"Huenda. Njoo tukikague. Ila usitazame jina moja. Tazama ukurasa mzima."

Nesi alifunua ukurasa wa balozi wa kwanza. Baada ya majina palikuwa na safu tatu zilizopigwa mistari. Juu yake paliandikwa: yupo, amechanjwa, amefariki.

"Hapa alama nyingi ziko wapi?"

"Safu ya kwanza. Wapo."

"Na kwenu?"

Mardhiya alifuata kwa kidole. "Zote ziko safu ya mwisho. Ya Kulwa peke yake iko mwanzo."

"Mmewazika watoto wote hawa?"

"Hapana, nesi! Tumemzika Kulwa tu."

"Basi ukurasa wote umegeuka. Mashetani hawafuati mstari ulionyooka hivi. Huu ni mkono wa mtu. Tena tazama, maneno ya juu yako ukurasa wa kwanza tu. Huku kwenu hayapo. Nani balozi wenu?"

"Mwalimu Bwanausi. Ndiye aliyetusomesha Kurani chuoni."

Mara Mardhiya akakumbuka. Aliona tena kidole cha mwalimu juu ya msahafu. Kilianzia kulia, kikaenda kushoto.

Mwalimu Bwanausi akaitwa. Alikuja akirekebisha kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia nimeua watoto."

"Mwalimu, unisamehe. Ulipotia alama, ulianzia upande gani?"

"Upande wa kuanzia! Kulia. Katibu aliniambia safu ya kwanza ni yupo, ya mwisho ni amefariki." Akatazama ukurasa, akashika kidevu. "La haula! Yeye alianzia kushoto."

Alichukua kisu kidogo akwangue wino. Nesi akamzuia.

"Usikwangue, Mwalimu. Kesho hatutajua palikuwa na nini. Piga mstari juu ya alama ya zamani. Tia mpya mahali pake. Kisha andika tarehe na jina lako. Nawe hukufanya ubaya. Kila mtu alifuata alivyofunzwa, na kitabu hakikumwambia kitu. Kitabu cha wengi lazima kieleze chenyewe, kila ukurasa, wapi pa kuanzia."

Wakaandika maneno ya juu. Mardhiya akatoka mbio njiani.

"Rudini! Mama Sadallah! Mama Thuwaiba! Ukurasa ulijazwa kinyume! Watoto wetu hawakuitwa na mtu!"

Bi Mosi alisimama. "Wewe unayeogopa kununua chumvi, ndiwe unayenipigia kelele?"

"Ndimi, mama. Barafu inayeyuka."

Wakarudi, mmoja mmoja. Mwalimu alisoma kila jina, mama akajibu, naye akasahihisha. Chausiku alichomwa wa kwanza. Alilia mpaka kuku wa ofisini wakatawanyika.

"Maiti gani ana kelele hizi!" Bi Mosi alisema, akajifuta machozi ya kicheko. Nesi alipomaliza mtoto wa mwisho, sandukuni mlikuwa na vipande vichache vya barafu vikielea.

Surua ilizunguka vitongoji vya jirani hadi masika. Watoto waliochanjwa Mtambani walicheza nje. Madirisha yakafunguliwa. Tangu hapo, kitabu hakitoki kwa balozi kabla hajakisoma kwa sauti mbele ya kila nyumba, na wenyewe wakajibu.

Mwalimu Bwanausi alipofika kwa Ashura mara ya kwanza, alisita mlangoni. Alisoma jina la Doto. "Yupo," Ashura akajibu. Kisha mwalimu akashusha sauti.

"Kulwa. Amefariki."

Ashura alisogea, akautazama mstari ule kwa muda, ingawa hakujua kusoma.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Hapo sasa amelala."