Ukipanda Ndege Ile

Zahran alimwambia mkewe kwamba akipanda ndege kwenda Uholanzi, ameachika talaka tatu. Alisema mchana wa Ijumaa, nyumbani kwao Kiponda, sahani ya wali iko mbele yake na mama yake mzazi anasikia. Neno kama hilo likishatoka halirudi. Yeye mwenyewe alilijua hilo kabla hajafunga mdomo.

Abeer hakulia. Aliweka upawa chini akamtazama.

"Umesema tatu?"

"Nimesema."

"Haya."

Bi Time, mama yake Zahran, alikohoa. Ndiye aliyekuwa akimchochea mwanawe tangu asubuhi, lakini hata yeye tatu hakuzitegemea.

"Mwanangu, moja ingetosha."

Kisa chenyewe ni hiki. Abeer alikuwa na tovuti ya habari, jina lake Mji Leo, akiiendesha kutoka chumba cha nyuma cha duka la mumewe la simu, pale Darajani. Aliandika maji yaliyokatika, meli iliyochelewa, bei ya samaki. Zaidi ya yote aliandika tanzia, maana Wazanzibari wa Maskati na London waliifungua kila asubuhi kujua nani kafa kwao. Mwaka ule, 2007, shirika moja la Uholanzi likatangaza nafasi za kubadilishana waandishi wa mtandaoni. Mtu akae kule miezi mitano, ajifunze vipi tovuti ndogo itajilisha yenyewe. Abeer akaomba, akapata. Mumewe hakumwambia.

Zahran alizipata habari kwa Msabah, muuza saa wa duka la pili.

"Yakhe, hongera. Mkeo anakwenda Ulaya."

"Mke gani?"

"Kwani unao wangapi? Jina lipo mtandaoni, na picha. Mimi nilidhani mshaagana."

Wateja walicheka. Zahran alifunga duka akarudi nyumbani na kicheko kile kichwani, na huko akamkuta mama yake naye ana lake la kusema. Ndipo wali ukapakuliwa.

Siku ya pili walikaa wawili tu, kila mmoja kachoka.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia, ungesema hapana. Nikaona kwanza nipate, ndipo tugombane. Ningekosa, ugomvi tungeuepuka."

"Ukamwachia Msabah aje kunambia."

"Hapo nimekosa, nnakubali. Lakini kosa langu lina dawa, Zahran. Lako lina dawa gani?"

Wakenda kwa Sheikh Muhiddin, ambaye ndiye aliyewaozesha.

"Ulikuwa na hasira?" Sheikh alimuuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Kila anayekuja hapa alikuwa nayo. Sijamwona aliyetoa tatu kwa furaha. Sasa sikilizeni. Akikaa, ndoa yenu ipo. Akienda, zinamwangukia zote, na humrudii mpaka aolewe na mwengine na aachike huko. Iko njia ya tatu, lakini ni chungu."

"Ipi hiyo?"

"Khului. Akupe kitu, umwache kwa hicho kitu, talaka moja. Safari yake lini?"

"Baada ya miezi minne," alijibu Abeer.

"Inatosha. Akae eda kwa wazee wake. Ikisha, asafiri. Siku anapopanda ndege si mkeo, kwa hiyo kiapo chako kitafika na yeye hayumo. Akirudi, mkitakana, unamwoa upya na kiapo kimekufa."

"Na akirudi hataki?"

"Basi hataki. Atakuwa mwanamke huru. Hata akiolewa huko huko, wewe huna la kusema, utakuwa kama jirani."

Zahran alimgeukia mkewe. Abeer alikuwa anaangalia mkeka.

"Naweza kutokwenda," alisema taratibu. "Nikikaa, nitapika, nitafua, na tanzia nitaandika. Lakini kila nikikutazama nitaiona ile ndege. Chagua wewe. Mimi nimechoka kuchagua."

Sheikh akaanza kukunja kanzu yake ainuke.

"Toa kitu," Zahran alimwambia Abeer.

Abeer alivua bangili yake moja ya dhahabu akaiweka baina yao. Zahran akatamka aliyofundishwa kutamka. Waliingia wakiwa mke na mume, wakatoka kila mmoja na njia yake.

Eda aliikaa Chukwani kwa baba yake, Mzee Suud. Kule mtandao hakuna, na Mji Leo ikabaki haina mtu. Siku ya tano simu ikalia.

"Ni mimi. Kuna mzee wa Kikwajuni kafariki. Watu wa Maskati wanapiga simu dukani tangu asubuhi. Nieleze nnaandikaje."

"Utaandika wewe?"

"Nani mwengine yupo?"

"Andika ukoo wake, watoto wake, msikiti atakaosaliwa na saa ya maziko. Maradhi usiandike."

"Nshaandika kisukari."

"Kifute."

Alisikika anagonga vitufe kwa kidole kimoja.

"Nshafuta. Unakula lakini?"

"Usiniulize hilo, Zahran. Mimi si mkeo."

"Nimeuliza kama msomaji."

Abeer alikata simu haraka, asije akasikika anacheka.

Siku ya safari Zahran hakwenda uwanjani, hakuwa na haki ya kwenda. Ujumbe ukaingia: "Nnapanda."

Akajibu: "Nenda salama. Kuna tanzia mbili leo, nshaziweka."

Baadaye ndege ikapita juu ya Darajani. Msabah alitoka dukani kwake akaitazama.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Na zile tatu zako?"

"Zimepita juu ya paa. Hazikumpata mtu."

Miezi ilikwenda kwa uzito. Mwanzo Abeer aliandika kila wiki. "Baridi. Nipo meza moja na Mghana na Mnepali. Hapa kila mtu anauliza tovuti yako inaishi kwa kitu gani. Nikasema kwa maiti. Hawakuelewa." Kisha ujumbe ukapungua, na Zahran hakuwa na ruhusa ya kulalamika. Bi Time yeye ruhusa alikuwa nayo.

"Kuna binti Chwaka, mtulivu, hajui hata kuwasha kompyuta."

"Mama, nimechoka."

"Umechoka nini na hukuoa?"

"Hicho hicho."

"Ukimrudia yule, mimi mguu wangu siutii nyumba hiyo."

"Nimekusikia, mama."

Abeer alirudi. Zahran alimpa wiki nzima, kisha akenda Chukwani kuposa, yeye na Msabah na Sheikh Muhiddin. Mzee Suud aliwakaribisha ukumbini. Abeer alikuwa nyuma ya pazia.

"Mara ya kwanza nilimuuliza akanyamaza," alisema Mzee Suud, "nikahesabu kakubali. Kwa mwari ndiyo ada. Sasa ni mtu mzima, keshaolewa na keshaachika. Kunyamaza kwake si jibu. Atasema, na tutasikia sote. Abeer."

"Naam, baba."

"Zahran anakuposa. Unasemaje?"

Msabah akawa anaitazama saa yake kana kwamba anaitengeneza.

"Kwanza nimuulize yeye," ilisema sauti ya nyuma ya pazia. "Zahran, mwakani wananitaka tena, mwezi mmoja. Utasemaje?"

"Nitasema sipendi."

"Kisha?"

"Kisha nitakupeleka uwanjani."

"Na ukikasirika?"

"Nitakasirika. Nitatoka nikakae kwa Msabah mpaka ipoe."

"Kwangu hapana nafasi," alisema Msabah.

Mzee Suud alificha mdomo kwa kiganja.

"Mimi nami sitakuficha tena," alisema Abeer. "Utajua kabla ya Darajani kujua. Baba, nimekubali."

Alisema bila furaha ya mwari, kama mtu anayeinua mzigo ambao keshawahi kuubeba na uzito wake anaujua. Wakaozeshwa Jumapili baada ya alasiri, halua na kahawa, ngoma hapana.

Ilichogharimu ni hiki. Talaka moja imekwenda, zimebaki mbili, na ndoa mpya hairudishi iliyokwenda. Miezi tisa ya ndoa imepotea, na Abeer ana miaka thelathini na nne, mtoto bado. Wasomaji wengi wa Maskati walihamia tovuti nyengine, maana Zahran alikuwa akichelewesha, na mara mbili tanzia ilitoka watu washazika. Bi Time hakuja harusini, na hadi leo salamu zake huletwa na watu. Na pasipoti ya Abeer haikai Kiponda. Ameiacha Chukwani, kwenye kabati la baba yake. Zahran anajua ilipo. Hajauliza kwa nini.