Vifaranga wa Banda la Pili

Kila asubuhi, ukungu ukiwa ungali umelala juu ya mlima wa Manga, Kemuma alikuwa mtu wa kwanza kufika shuleni. Hakukimbilia darasani. Alizunguka nyuma ya jiko la walimu hadi kwenye mabanda mawili ya kuku ya Chama cha 4K, chama cha wanafunzi cha kilimo na ufugaji, akafagia kinyesi, akatandaza maranda makavu na kubadilisha maji ya kunywa. Ulikuwa mwaka wa 1972, naye alikuwa darasa la sita. Hakuna kazi aliyoipenda kuliko hiyo.

Mwaka uliotangulia, vifaranga wote wa chama walikuwa wamekufa. Walianza kwa kujikunyata, mabawa yakalegea, kisha wakahara damu. Nyumbani kwao Kemuma mambo yalikuwa vivyo hivyo. Nyanya yake, Drusilla, alizika vifaranga wake chini ya migomba, akachukua kikapu walimokuwa wakitaga kuku na kukijaza kuni. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za kufuga.

Mwalimu Nyanchera, aliyesimamia chama, aliwaeleza wanafunzi kwamba ugonjwa huo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hukaa kwenye kinyesi na kustawi penye unyevu, na kuku akidonoa hapo humwingia tumboni.

"Bwana mifugo ana dawa ya kutibu," alisema, "lakini mara nyingi tunamwita tukiwa tumechelewa. Watu wengi hapa huwapa kuku shubiri kabla hawajaugua. Wengine huongeza kitunguu saumu. Je, vinasaidia kweli? Safari hii tutajaribu wenyewe."

Vifaranga wapya wakagawanywa. Wale wa banda la kwanza wangetiliwa utomvu wa shubiri kwenye maji na kitunguu saumu kilichotwangwa kwenye chakula. Wa banda la pili wangepata chakula kile kile na usafi ule ule, bila nyongeza yoyote. Akionekana kifaranga mgonjwa, bwana mifugo angeitwa mara moja.

"Msichanganye," Mwalimu alisisitiza. "Tukichanganya, hatutajua lolote."

Mogire, mvulana aliyekaa dawati moja na Kemuma, alipewa kazi ya kuleta shubiri. Alipanda kwenye miamba ya Manga na kurudi mikono imechanwachanwa na miiba ya majani ya mmea huo. Kemuma alitwanga na kulisha.

Lakini katika banda la pili kulikuwa na kifaranga mmoja mweusi, mwenye kidole kilichopinda. Kemuma akiingia tu, kifaranga huyo alimjia mbio na kumdonoa vidole vya miguu. Asubuhi moja ya mvua alimkuta pembeni, amejikunyata, mabawa chini. Kemuma aliweka ufagio chini. Alitazama huku na huku, hakuona mtu. Akamimina maji ya shubiri katika chombo cha banda la pili, akachanganya kitunguu saumu kwenye chakula.

"Kunyweni," alinong'ona. "Msife nyinyi pia."

Kufikia adhuhuri yule mweusi alikuwa akikimbia na wenzake. Huenda alikuwa akisikia baridi tu. Hata hivyo Kemuma aliogopa kuacha, na kuanzia hapo akayalisha mabanda yote mawili sawa, bila kumwambia mtu.

Siku ya kutoa matokeo, Mwalimu Nyanchera aliwakusanya wanachama mbele ya mabanda. Vifaranga wote walikuwa wazima.

"Basi ni usafi uliowaokoa," alisema. "Shubiri na kitunguu saumu havikuongeza kitu. Siku ya wazazi nitawaambia wasijisumbue."

Mogire alitazama makovu mikononi mwake. "Kumbe nilipanda miamba bure!"

Kemuma aliinama, akaanza kufagia maranda.

Jioni hiyo nyanya yake alikuwa akimenya ndizi jikoni. "Mjukuu wangu," aliuliza, "mwalimu wenu amesemaje juu ya shubiri? Kama inafaa, nataka nijaribu kufuga tena."

"Amesema haifai, nyanya."

"Basi. Nilikuwa nauliza tu." Akainama, akaendelea kumenya.

Usiku huo Kemuma aliacha ndizi zake kwenye sahani. Kesho yake alimkuta Mwalimu Nyanchera na Mogire kwenye mabanda, akaeleza yote huku machozi yakimtiririka.

"Umetuharibia kazi yote!" Mogire alifoka. "Si ungesema?"

Mwalimu alimnyamazisha kwa mkono. "Kemuma, ulipomwona amejikunyata, ulipaswa kufanya nini?"

"Kukuambia, mwalimu. Nilimwonea huruma."

"Huruma si kosa. Kosa ni kuficha. Nusura niwapotoshe wazazi wa Manga yote." Aliyageukia mabanda. "Tutaanza upya muhula ujao. Wewe na Mogire mtalisha pamoja."

Kemuma alidhani angefukuzwa chamani. Alijifuta machozi, akachukua ufagio.

Muhula uliofuata mvua zilinyesha bila huruma. Siku moja Kemuma aliona damu kwenye maranda ya banda la pili. Mikono ilimwasha kuchukua chombo cha shubiri, lakini alikimbilia ofisini. Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli na dawa yake. Wengi walipona, wachache wakafa, na Kemuma aliwalilia. Katika banda la kwanza hakuna aliyekufa.

Siku ya wazazi, Mwalimu alimsimamisha Kemuma aeleze. Alisimulia yote, hata kosa lake. Mzee Ratemo, mkulima wa chai, aliinua mkono.

"Mara ya kwanza mlikosea. Tutajuaje kwamba mara hii ni kweli?"

"Mzee, kosa lile hakuna aliyeligundua," Mwalimu Nyanchera alijibu. "Huyu mtoto alikuja kulisema mwenyewe. Ndiyo sababu ninaamini anachowaambia leo." Kisha akawageukia wanafunzi. "Shubiri haitibu kila kitu, na banda chafu litawashinda hata mkiwa na shubiri gunia zima. Lisheni kila siku, safisheni kila siku, na mkiona ugonjwa semeni mapema. Lakini kumbukeni hili: anayeficha ukweli, hata kwa nia njema, huwaacha wenzake gizani."

Watu walipiga makofi. Nyanya Drusilla hakungoja yaishe. Alikuwa amekwisha simama, jani la shubiri mkononi, akamvuta Mogire kwa mkono.

"Wewe kijana," alisema, "hebu nionyeshe. Jani moja kama hili hutiwa katika maji kiasi gani?"