Siku ya Tisini na Nane

Siku mume wangu A-Tian alipoanguka na kufa mbele ya karai, moto uliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilikuwa Alhamisi mchana, tukiosha kombe za bahari za kupika jioni. Binti yetu Wan-ju ndiye aliyefunga gesi. Tangu hapo yeye ndiye mpishi.

Alhamisi ilikuwa siku ya Wan-ju na mpenzi wake Yung-sheng. Walijuana hapahapa, mgahawani kwetu katika mji wa bandari wa Wuqi, jioni ya mvua ambayo viti vyote vya plastiki vilijaa watu wa bandarini wakigonganisha bilauri za bia. Wan-ju, katika gauni lake la kijani, alikuwa amekaa kula kidogo. Nikamketisha mezani kwake kijana mwenye koti la kazi la njano, linalochuruzika maji. Chungu cha kuku wa vikombe vitatu, cha soya, cha mvinyo na cha mafuta ya ufuta, kilikuwa bado kinatokota, harufu ya rihani imejaa meza. Kijana akanyoosha vijiti vyake bila kuuliza.

"Kaka, hicho ni chakula changu," Wan-ju akamwambia.

"Nimeona. Ila tangawizi umeisukuma pembeni. Mimi nakula tangawizi tu."

"Na hilo paja mdomoni?"

"Hili lilijificha kwenye tangawizi."

Binti yangu akacheka mpaka akaweka vijiti chini. Kwa miaka miwili wakala chungu kimoja, nyama ya Wan-ju, tangawizi ya Yung-sheng.

Kazi ya Yung-sheng ilikuwa kupanda minara ya umeme wa upepo iliyosimama baharini, kukaza nati na kubadilisha mafuta. Alikaa huko wiki nzimanzima, na boti ilimrudisha siku ya Alhamisi. Mabati yetu yalipotikiswa na upepo, nilimwona Wan-ju akiitazama simu, nami nikimtazama yeye.

Kwetu, mzazi akifa, mtoto aolewe kabla ya matanga ya siku mia, la sivyo asubiri miaka mitatu. Siku ya ishirini, Yung-sheng alikuja amevaa shati jeupe, akamwomba Wan-ju wafunge ndoa upesi. Wan-ju hakumwacha amalize.

"Udongo wa baba haujakauka, wewe unahesabu siku."

"Nahesabu kwa sababu nakutaka."

"Basi kahesabu huko kwenye minara yako."

Akaondoka. Akapiga simu kila jioni, na kila jioni simu ikaita juu ya friji huku Wan-ju akikoroga karai kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kalenda ilining'inia karibu na mitungi ya gesi. Nilichana karatasi moja kila asubuhi.

Siku ya tisini Wan-ju akapokea, simu ikiwa kwenye spika. Nilikuwa nachambua mboga, nikasikia yote.

"Bado umenuna, kipenzi?"

"Sijanuna."

"Umekula?"

"Nimekula. Tangawizi imebaki."

Nikamsikia Wan-ju akilia na kucheka pamoja. Yung-sheng alisema zamu yake inaisha siku ya tisini na tisa. Angefika na pete, wakaandikishe ndoa siku hiyohiyo. Wan-ju akakubali.

Hapo ndipo nilipopaswa kuweka mboga chini na kuwaambia. Siku mia hupunguzwa moja kwa kila mtoto wa kiume wa marehemu, na moja kwa mjukuu mkubwa wa kiume. A-Tian aliacha mwana mmoja wa kiume, ndugu yake Wan-ju, na mjukuu mmoja wa kiume. Matanga yetu yangekuwa siku ya tisini na nane. Vijana hawa wawili hawakuwahi kuzika mzazi kabla ya huyu, hilo wangelijulia wapi? Yung-sheng angeweza kuomba ruhusa, akaja mapema. Lakini nilikuwa mjane wa siku tisini, upepo ulikuwa unavuma, na niliwaza binti yangu akipokea simu ya msiba mwingine kutoka baharini. Nikaendelea kuchambua.

Alifika siku ya tisini na tisa, pete mfukoni, nywele zimekakamaa kwa chumvi. Nguo za matanga zilikuwa zimeshachomwa jana yake, na Wan-ju naye alijua hesabu asubuhi hiyo tu. Shemeji yangu mkubwa alimweleza taratibu: ofisini kwa serikali wataandikishwa hata leo, ila kwa mila ya nyumbani mlango umefungwa. Wan-ju alisimama na upawa mkononi.

"Miaka mitatu," akasema. "Utanisubiri?"

"Tangawizi ya nani mwingine nitakula?"

Akamvisha pete. Akaketi kitini pake, wakala hadi chungu kikakauka. Kisha akarudi kazini, kwa sababu sasa hakukuwa na sababu ya kuomba likizo.

Mwaka mmoja umepita. Sijamwambia Wan-ju nilichojua.

Leo ni Alhamisi. Bahari imechafuka tangu alfajiri na boti inayomleta Yung-sheng na wenzake haijarudi. Wan-ju amekata tangawizi na kuiweka kwenye sahani. Saa kumi na moja tunafungua.