Mgonjwa wa Sifuri Tatu

Jumanne saa mbili asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajachukua tikiti, skrini ya kliniki moja ya macho huko Muyinga iliita namba ambayo haikuwa ya mtu.

"Sifuri. Sifuri. Sifuri."

Sauti ilikuwa ya Jeska mwenyewe, mpokezi wa wagonjwa. Aleem, kijana wa Gitega aliyewatengenezea programu ya foleni, alikuwa amemrekodi akitamka tarakimu moja moja, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiziunga. Kila namba aliipa tarakimu tatu: mgonjwa wa saba akawa 007, wa kumi na mbili akawa 012, ili zikae vizuri kwenye skrini.

Jeska akatabasamu. Kisha mlango wa chumba cha uchunguzi ukafunguka taratibu, ukajifunga.

Ndani, Dorotea, muuguzi wa macho, alikuwa akifuta lenzi. Ikamjia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kiti cha mgonjwa kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito.

"Jeska," akaita kwa sauti ya chini, "we umeniletea nani?"

"Sijaleta mtu, dada."

"Mais, lakini iko mtu hapa. Mi naskia anapumua."

Aliyefuata, mwenye 001, alikuwa Kasiano, mkulima aliyekuja kupimiwa miwani. Alikaa kwenye kiti kile. Dorotea hakuwa amemgusa bado Kasiano alipouliza, "Mbona mmezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani.

Daktari alimpima mara tatu. Macho yalikuwa mazima, ila hayakuona kitu. Jumatano sauti ikaita tena sifuri tatu, na Damiano, fundi cherehani, akatoka kwenye kiti kile akipapasa ukuta.

Jeska akampigia Aleem simu Gitega.

"Ah, kosa nimeliona," Aleem alisema. "Programu inajazia sifuri mbele mpaka zifike tarakimu tatu. Kama hakuna mtu kwenye foleni, ilipaswa inyamaze. Yenyewe imechukua patupu, imepajazia sifuri tatu, na imeita. C'est tout, basi. Narekebisha sasa hivi."

Alirekebisha, akajaribu, ikanyamaza. Alhamisi asubuhi simu yake ikalia.

"Imeita tena," Jeska alinong'ona.

"Haiwezekani. Zima kompyuta."

"Aleem, kompyuta nimeichomoa tangu jana. Waya ninao mkononi."

Aleem hakubishana tena. Petroli ilikuwa haipatikani mjini, kwa hiyo aliomba nafasi kwenye lori lililokuwa likienda mpakani Kobero, akashuka Muyinga alasiri. Kliniki ilikuwa imefungwa. Kwenye veranda alikaa Kasiano, mkewe amemshika mkono wa shati kama mtoto, na kando yao Pili, mama anayeuza ubani sokoni, ambaye Dorotea alikuwa amemwita kwa siri. Pili aliingia chumbani peke yake, akakaa kitambo, akatoka amelowa jasho.

"Huyu alikuwa hapa mbele ya nyumba kujengwa," alisema. "Hakuwa na shida na mtu. Mumemwita kama mgonjwa, amekuja kama mgonjwa. Haoni. Anachukua kwa yule anayemufuata kwenye kiti."

"Utamfukuza?" Jeska aliuliza.

"Sitamuweza. Lakini mtu akimupa jicho moja kwa hiari, ataridhika, ataachilia ya wengine."

Mke wa Kasiano alimtazama Aleem, akainamisha uso.

"Mana yanje, Mungu wangu," Dorotea akasema. "We Aleem, usiingie."

"Ni mi nilimupatia namba," Aleem alijibu.

Aliingia, mlango ukajifunga nyuma yake, na harufu ya majivu mabichi ikamjaa kinywani, na alipokaa alihisi kiti bado kina joto la mwili, joto lililopanda mgongoni taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani, likafika shingoni, likamzunguka shavuni, na pumzi isiyokuwa yake ikamgusa kope la kushoto, kwa upole, kwa adabu hata, kama muuguzi anayemwomba mgonjwa afumbue jicho, na Aleem, akilia, akisema ndiyo, chukua, akalifumbua.

Huko nje Kasiano aliruka na kupiga kelele kwamba anaona mikono yake. Kesho yake Damiano naye alionekana akitunga uzi kwenye sindano. Skrini haikuita sifuri tatu tena, na kliniki ikafunguliwa.

Aleem alirudi Gitega, kwenye duka la vitambaa la mama yake, Zehrabai. Alimwambia ni ajali ya kazini. Hakumwambia kwamba jicho lile halikuwa giza. Akifumba la kulia, watu wote hutoweka dukani, mama yake pia, na hao wengine hubaki: warefu, wakimya, wamesimama kati ya majora ya vitambaa, nyuso zao zimeelekea kwake kwa sababu wamekwishajua kwamba anawaona.

Jumapili moja, akibeba jora kuelekea mlangoni, alisimama ghafla, akajibana ukutani, akainamisha kichwa.

Zehrabai aliacha kukunja kitambaa.

"Aleem," aliuliza polepole, "njia iko wazi. Unamupisha nani?"