Nguzo ya Kati ya Nyumba ya Dzombo

Ndugu zangu, nyumba ya udongo haitaki maneno mengi, inataka watu. Jumamosi ile ya mwaka 1954, huku kwetu nyuma ya mashamba ya miwa ya Ramisi, watu walikuwapo. Wanawake waliukanyaga udongo huku wakiimba tenzi za kanisa, wanaume wakakandika. Mwanapili, jirani yetu Mwislamu, alileta makuti, akasema, "Paa nimewaletea, lakini kuimba kwenu siwezi." Tukacheka sote.

Nyumba ilikuwa ya Dzombo na mkewe Mbeyu, waliokuwa na mtoto mchanga. Dzombo alikuwa Mduruma wa Kinango. Baba yake alikuwa mganga wa mafingo, vile vyungu vya dawa vinavyofukiwa ardhini kuulinda mji. Dzombo alipobatizwa, baba yake alimfukuza. Na aliyemfundisha mpaka akabatizwa alikuwa Chengo, Mkristo wa kwanza kuhamia kwetu. Shikeni hapo, maana ndipo ubaya ulipoanzia.

Chengo alisimama kando, mikono mikavu. Mkewe Rispah akamwona.

"Baba Kahaso, mbona hushiki udongo?"

"Nyumba yetu tuliikandika mimi na wewe. Nani alikuja kutuimbia?"

"Angekuja nani? Tulikuwa sisi na tumbili."

Chengo hakucheka. Zamani wagonjwa walimwita yeye awaombee. Sasa walimwita Dzombo. Mahindi mabichi ya kwanza yalikuwa yakipelekwa kwa Chengo. Mwaka ule nusu yalipita mlangoni pake kwenda kwa mwanafunzi wake. Jambo dogo sana hilo. Lakini wivu haujali ukubwa wa jambo.

Siku chache baadaye akamwendea Katana, mzee wa kanisa.

"Mzee, naumia kusema. Asubuhi ya kusimamisha nguzo ya kati nilimwona Dzombo amepiga magoti penye shimo lake, peke yake. Amefukia fingo la baba yake."

Kumwona, alimwona kweli. Fingo aliliongeza mwenyewe.

Katana angeweza kuuliza kwanza. Hakuuliza, jina la baba mtu lilimtosha. Jumapili baada ya ibada wazee wakaenda na majembe, nasi tukafuata nyuma. Mbeyu akasimama mlangoni na mtoto kifuani.

"Wazee wangu, udongo haujakauka! Mkiing'oa nguzo nyumba itaanguka, na mvua ndiyo hiyo inakuja."

"Waache, Mbeyu," Dzombo akasema. "Chimbeni, wazee. Mkikuta kitu, nifukuzeni."

Wakachimba. Nguzo ikalala, paa likainama, ukuta ukapasuka. Shimoni mlikuwa na mchanga na mizizi ya mkorosho, basi.

"Sasa ulikuwa ukifanya nini hapa, Chengo alipokuona umepiga magoti?" Katana akauliza.

"Nilikuwa nikiomba. Mwalimu Chengo ndiye aliyenifundisha. Aliniambia kazi yoyote niianze kwa magoti."

Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mvua ya masika ikashuka, na nyumba ikarudi kuwa tope mbele ya macho yetu.

Rispah akampokea mtoto. "Njoo kwangu, Mbeyu."

"Bila kuniuliza mimi?" Chengo akanong'ona.

"Nikuulize nini? Umewabomolea, utawalaza."

Lakini mtoto alikuwa amekwisha kulowa. Akashikwa na kichomi, akalazwa hospitali ya Msambweni pamoja na mama yake, na tukawa hatujui kama atapona. Habari zikafika Kinango. Baba yake Dzombo akaja, akamkuta mwanawe barazani kwa Chengo.

"Hawa ndio ndugu uliowachagua ukaniacha mimi?"

"Ndio hao, baba."

"Si wamekubomolea nyumba?"

"Wamebomoa. Nao ni ndugu zangu bado, kama wewe ulivyo baba yangu, ingawa ulinifukuza."

Mzee akaomba maji, akanywa, akaondoka bila kumlaani mtu. Chengo alikuwa chumbani, na kila neno alilisikia.

Jumapili iliyofuata Katana alitaka Chengo atengwe na kanisa. Chengo akasimama.

"Nilijua anaomba. Nikasema anafukia. Nilitaka mnipende mimi kama zamani."

Watu wakaguna. Dzombo akainuka. "Mkimtoa huyu, mimi nitakaa na nani? Ndiye aliyenileta hapa. Na majembe hakuyashika yeye."

Katana akainamisha kichwa. Hakuna aliyetengwa.

Mtoto alipona. Alirudi kutoka Msambweni tukiwa tunakanyaga udongo wa kuijenga nyumba upya, naye Chengo amezama topeni mpaka magotini. Kabla nguzo haijasimamishwa, Dzombo akamwambia, "Piga magoti, mwalimu." Chengo akapiga magoti penye shimo lile lile. Akajaribu kuomba, akalia. Dzombo akapiga magoti kando yake, akaomba kwa ajili ya wote wawili.

Mwanapili akatua mzigo wake wa makuti. "Makuti mengine sileti," akasema. "Hii iacheni isimame."

FUNZO

Wivu haukuingia kwetu kutoka kwa waganga. Ulikuwa umekaa benchi la mbele, ukiimba tenzi. Usikubali kuchimba nyumba ya mwenzio kwa sababu ya jina la baba yake, muulize kwanza. Na wewe uliyetangulia katika imani, ukiona uliyemfundisha anapendwa, shukuru, maana hayo ndiyo mavuno yako. Imani ya Dzombo ilisimama wakati nguzo yake imelala, na upendo wake haukungoja tuwe wema kwanza. Tusipopendana hivyo, tusijiite kanisa.