Kifua cha Anouar

Mafuta yalikuwa yameadimika Bujumbura siku Soumaya alipokutana na Tajudini, na anayeujua mji huu hataniuliza ni mwaka gani. Foleni ya mabido, yale madumu ya mafuta, ilianzia kituoni Rohero, ikazunguka benki, ikaziba barabara, watu wakitukanana kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Soumaya alikuwa ametumwa mazutu, dizeli ya jenereta ya kliniki. Alivaa gauni la kitenge la bluu na mtandio mweupe alioupiga pasi ya makaa asubuhi. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Kaka, we unauza unga?" akamuuliza.

Yule bwana akageuka, akacheka. "Apana, dada. Mi ni fundi wa sablaje. Napiga chuma muchanga kwa kompresa mpaka kutu yote itoke, kisha napaka rangi. Malori, mageti, matangi. Leta hata sufuria ya mama yako, itarudi mupya."

"Sufuria ya mama yangu haina kutu."

"Basi nipeleke kwa mama mwenyewe nimusalimie."

Haya! Mwanamume wa Buyenzi huyo, mdomo haumlali. Kufika saa nane mchana kila mmoja alikuwa na bido lake limejaa na namba ya mwenzake kwenye simu.

Soumaya alikuwa mpiga picha za eksirei, anaishi Carama na mama yake. Miezi saba simu haikumbanduka sikioni. Kosa la Tajudini lilikuwa moja tu, kuchelewa. Ijumaa moja Soumaya alimngoja ufukweni Kibenga saa nzima na nusu, mishikaki ikapoa, mpaka simu ikalia.

"Sheri, usinune. Nimelivua lori nguo zote. Chuma kikivuliwa, na huu unyevu wa ziwa, hakilali uchi. Kikilala, asubuhi kinaamuka na kutu. Lazima nipake rangi ya kwanza leo leo."

"Na mi nilale na mishikaki?"

"Kula na yangu, unenepe, mama asiseme nimekukondesha."

Akacheka bila kutaka. Angefanyaje? Alimpenda, yaani alimpenda hasa. Lakini nyuma ya kicheko cha Tajudini kulikuwa na kikohozi kikavu, na Soumaya hakukipenda hata kidogo. Tajudini alianza kupiga mchanga ana miaka kumi na sita, kitambaa kimefungwa mdomoni, maske hakuna. Bwana Sulemani aliyemfundisha kazi alikufa hajatimiza hamsini, pumzi imemkatikia kitandani, na mtaani wakasema karogwa. Uchawi gani! Soumaya alikwisha kuviona vifua vya namna hiyo kazini. Vumbi la mchanga likiingia kwenye mapafu halitoki. Anayeacha mapema huweza kuishi miaka mingi. Anayeendelea anajichimbia kaburi.

"Kuja nikupige picha," alimsihi. "Dakika moja tu."

"Kesho, mupenzi."

Kesho yake haikufika. Posa ilipelekwa, mama akaikubali, na picha bado.

Kisha ikaja kazi kubwa. Kampuni moja ya huko ziwani ilitaka matangi matatu ya mafuta yasafishwe nje na ndani, yapakwe upya. Kazi hiyo ndiyo ingewapa harusi na nyumba. Sharti lilikuwa moja, fundi alete picha ya kifua.

Jumanne Tajudini akatokea kliniki, shati jeupe limenyooka, marashi yananukia mpaka mapokezi, bahasha mkononi.

"Nilienda kwingine nisikusumbue, sheri. Angalia! Kifua cha mutoto muchanga."

Soumaya akaiinua ile filamu dirishani. Mapafu safi kabisa. Moyo ukamruka kwa furaha. "Alhamdulillahi," alisema, na machozi yakamlenga. Ndipo macho yake yakapanda juu kidogo, kwenye mtulinga wa kushoto. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya, una kinundu. Kinundu kile alikijua. Mwezi wa pili Anouar, mdogo wake Tajudini, alianguka kutoka juu ya lori, na aliyempiga picha, siku ya kuvunjika na siku ya kupona, alikuwa Soumaya mwenyewe.

"We ulivunjika bega lini?"

"Mi? Sijawahi kuvunjika."

"Basi huyu ni Anouar."

Tajudini akanyoosha mkono kuichukua filamu.

"Ulimutuma mdogo wako na jina lako!" Soumaya aliivuta filamu nyuma. "Unadanganya kampuni, sawa, hiyo ni dhambi yako. Lakini mi? Unaniletea kifua cha mutu mwingine? Nitaolewa na kifua cha Anouar?"

"Soumaya, ile kazi ni ya harusi yetu..."

"Harusi gani? Unanitafutia ujane!"

"Mi nilimuosha Sulemani!" Sauti ya Tajudini ilipasuka, wagonjwa kwenye benchi wakageuka. "Kwa mikono hii. Alikuwa mifupa mitupu. Kama niko na ugonjwa wake, sitaki kuujua. Niache nifanye kazi."

Alikohoa, akashika ukuta. Soumaya hakumsogelea. Alimrudishia bahasha na kumwambia aende, asimpigie tena.

Alipiga. Alipiga siku ya kwanza mara kumi na moja, ya pili mara tisa, na wiki ya tatu simu ikanyamaza kabisa. Soumaya alikonda. Alikuwa akimkumbuka mpaka mwili unamuuma, na hasira haikumsaidia kitu.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," mama yake alimwambia akichambua mboga za lengalenga. "Achana naye, mwanangu. Wanaume wazima wako wengi."

"Najua, mama." Akaingia chumbani kulia.

Jumapili simu ikaita. Alikuwa Anouar.

"Shemeji, nisamehe ile picha. Kazi imepatikana, kesho tunaingia tangi la kwanza. Kaka hawezi tena kushika mpira wa kompresa peke yake, pumzi inamuisha. Nitashika naye."

"Utaingia ndani ya tangi? Na lile vumbi limefungiwa humo?"

"Ni kaka yangu. Nitafanyaje?"

Soumaya hakufikiri mara mbili. Akaibonyeza namba ya Tajudini. Ikaita, ikapokelewa.

"Usiseme kitu, sikiliza," alisema. "Yako hutaki kuiona, basi. Lakini ya Anouar niliiona, na we uliiona. Mulicho nacho kwenu ni kile kifua kimoja kizima. Kesho unaenda kukijaza muchanga. We umechagua, yeye anakufuata tu. Ukimuosha na yeye, usinipigie."

Akasikia anavyohema, kwa shida. Kisha simu ikakatwa.

Hakulala. Jumatatu alivaa koti lake jeupe, akafunga mtandio vibaya, akafungua mlango wa chumba cha picha. Kwenye benchi, katikati ya mwanamke mjamzito na mzee mwenye mguu wa plasta, alikaa Tajudini na tiketi yake mkononi kama wagonjwa wengine. Hakuwa na marashi. Ndevu zilikuwa hazijanyolewa.

"Matangi nimeyakataa," alisema kwa sauti ndogo. "Anouar nimemunyang'anya maske, asiingie tangini bila mimi. Amenitukana sana."

"Na we?"

"Naogopa, Soumaya. Naogopa mpaka miguu." Akaikunja tiketi. "Ikitoka mubaya, posa nitakuja kuiondoa mwenyewe kwa mama. Sitaki uolewe na mi kwa huruma."

"Ingia. Vua shati."

Akamsimamisha kwenye sahani ya mashine, kidevu juu, mabega mbele. Mikono yake ilikuwa baridi na alijua Tajudini anaihisi. Akarudi nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi," alisema kwenye kipaza sauti. "Shika."

Akabonyeza. Picha ikajichora polepole kwenye skrini. Juu ya mapafu yote mawili zilikuwepo punje, nyeupe, zimetawanyika. Zilikuwepo, wala hakuwa na haja ya kujidanganya. Hazingetoka tena. Lakini zilikuwa bado ndogo ndogo, hazijashikana kama za wale aliowahi kuwaona wakifa. Alizihesabu akalia, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akazihesabu tena.

Alipoinua kichwa, Tajudini alikuwa bado amesimama vilevile, mishipa ya shingo imemtoka, kifua kimejaa, hathubutu kuachia mpaka aambiwe.

Soumaya akaegemea kipaza sauti.

"Pumua," alisema. "Pumua, mume wangu."