Sikio la Mtoto wa Waithira

— Funga vitu vyako, Waithira. Kesho urudi Ngoliba kwa baba yako, Mburu.

Bedan alikuwa na siku mbili tu tangu atoke kizuizini, mwaka huo wa 1958, na tayari anafukuza mke. Waithira hakulia. Alimsukumia chai.

— Nimekosa nini?

— Unaniuliza? Mtoto alizaliwa miezi minane baada ya mimi kukamatwa. Angekuwa wangu, ungemwita Ndung'u, jina la baba yangu. Ukamwita Mburu! Jina la upande wa mama hupewa mtoto asiye na baba. Nilisoma barua yako kambini nikajua umezaa nje.

— Ndiyo maana hukunijibu tena?

— Ningejibu nini?

Basi Waithira akafungua sanduku, akatoa karatasi iliyofungwa kwa kitambaa. Bibi mzungu ambaye Waithira alimfanyia kazi kwenye shamba la kahawa, Ruiru, ndiye aliyemchora mtoto. Alikwaruza bamba la shaba kwa sindano, akalipaka wino, akalichapa. Mistari ya shavu ilikuwa myembamba, mingine imekatika. Kwenye nywele sindano ilichimba zaidi, shaba ikainuka kando ya mikwaruzo na kunasa wino, weusi ukatoka laini kabisa. Ungetaka kumpapasa kichwa.

Bedan aliliona sikio. Ncha yake ya juu ilikuwa imekunjika ndani. Akajishika sikio lake mwenyewe, lililokunjika vilevile.

— Huyo bibi hajawahi kukuona, Waithira alisema. Alichora alichokiona.

— Sasa kwa nini Mburu?

— Baba yako alikuwa msituni na wapiganaji, anatafutwa. Askari walikuwa wakichoma nyumba za watu wake. Ningeita jina lake mlangoni kila siku? Na barua zenu zilisomwa kwanza na askari. Ningekueleza vipi?

Bedan alikaa sakafuni.

— Yuko wapi? Niitie mwanangu.

— Nilikuandikia mwaka jana.

— Baada ya ile ya kwanza, barua zako sikuzifungua. Ziko mfukoni, zote tatu.

— Surua, Bedan. Siku nne tu.

Bedan alilia kwa sauti, mtu mzima.

— Usiende, mama. Nisamehe. Basi niachie hata hiyo picha.

— Wewe ulimkataa. Hii ni yangu.

Alitoka na sanduku kichwani, akashika njia ya Ngoliba bila kungoja asubuhi. Bedan hakuthubutu kumfuata. Alichana moja ya zile barua tatu, ya zamani kuliko zote.

"Mume wangu, mtoto ameanza kusema. Anamwita baba kila mwanamume anayepita hapa. Tafadhali rudi upesi."